Kalusi inatoa mizizi tu, machipukizi hayaji: nakosea wapi?

"Habari za kazi, mtaalamu. Nafanya tishu kalcha, yaani kukuza vipande vya mimea chupani, nyumbani kwa kujifunza. Nilianza na tumbaku kwa kuwa niliambiwa ni mmea mwepesi. Nilikata vipande vya jani nikaviweka kwenye jeli ya MS, yaani jeli ya virutubisho vya mimea, yenye homoni ya 2,4-D miligramu 2 kwa lita. Wiki ya tatu nikapata kalusi, yaani donge la seli, kubwa ya manjano hafifu. Tangu hapo naihamishia jeli mpya ya aina ileile kila mwezi, na sasa ni mwezi wa sita. Majuzi niliiweka kwenye jeli ya NAA miligramu 1 na BAP miligramu 0.1. Imetoa mizizi myeupe mingi yenye vinyweleo, ila chipukizi hakuna hata moja. Rafiki yangu anasema niongeze homoni zote mbili mara dufu. Mwingine anasema kalusi imezeeka. Mimi nilisoma kwamba kila seli ya mmea inaweza kuwa mmea mzima, sasa hizi zangu zina nini? Na seli inajuaje iwe mzizi au iwe shina? Lengo langu hasa ni kuzidisha saintpaulia yangu yenye maua ya mistari. Tumbaku ni ya kujifunzia tu."

Ahsante kwa kueleza kwa kinaganaga. Wengi huniandikia "haioti, nifanyeje", nami nabaki kupiga ramli. Nikikuelewa vizuri, unalo donge lililo hai na linalokua, ila halisikii: unalidai chipukizi, lenyewe linakupa mizizi. Hujui tatizo liko kwenye homoni, kwenye donge lenyewe, au kwenye ile habari kwamba kila seli ni mmea mtarajiwa. Kila mahali hapo pana kasoro kidogo. Kasoro kubwa kuliko zote umeitaja mwishoni kana kwamba ni jambo la kupita tu, nayo ni saintpaulia. Nitaifikia.

Kwanza nikutoe hofu. Kukaa na tishu miezi sita bila ukungu wala bakteria ni kazi ya mkono uliotulia. Na mizizi uliyoipata haikuja kwa bahati mbaya. NAA, kama ilivyo 2,4-D, ni auksini, BAP ni sitokinini, nazo ni aina mbili za homoni za mmea; na auksini ikizidi sitokinini mara kumi kwenye tumbaku, hiyo ni jeli ya mizizi. Uliagiza mizizi, ukaletewa mizizi.

Ndiyo maana ushauri wa kuongeza mara dufu hautakufikisha popote. Moja kwa 0.1 ni kumi kwa moja. Mbili kwa 0.2 bado ni kumi kwa moja. Utakuwa umepaza sauti, lakini maneno ni yaleyale.

Habari hii ya uwiano ilitoka kwenye mmea huohuo ulio nao chupani. Mwaka 1957, Folke Skoog na Carlos Miller wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walieleza jinsi tishu kutoka kwenye moyo wa shina la tumbaku inavyoitikia homoni hizi mbili. Auksini ikizidi, inatoa mizizi. Sitokinini ikizidi, inatoa machipukizi. Zikikaribiana, donge linanenepa bila kuwa chochote. Sitokinini waliyoitumia, kinetini, ilikuwa imepatikana 1955 kwa njia ya ajabu: kwenye DNA ya mbegu za kiume za samaki aitwaye heringi. DNA mbichi haikufanya kitu. Iliyokaa siku nyingi au iliyopikwa kwenye otoklevu, sufuria ya presha ya maabara, ndiyo iliyozifanya seli za tumbaku zigawanyike. Kila nikisikia mtu akisema sayansi huenda kwa mstari ulionyooka, humkumbuka samaki huyo.

Tatizo ni kwamba habari ya uwiano imeenea hadi watu wakaielewa vibaya. Wanadhani auksini ni amri isemayo "kuwa mzizi" na sitokinini ni amri isemayo "kuwa shina". Ingekuwa hivyo, kalusi yoyote ingetii siku yoyote. Homoni ni ishara, na ishara humfaa anayeweza kuisoma. Seli ileile, homoni ileile, kiasi kilekile, lakini wiki tofauti, inaweza kukupa jibu tofauti kabisa. Ukilishika hili, mengi yanayokuchanganya yatajipanga yenyewe.

Hebu tuanze na hiyo "kila seli". Wazo ni la Gottlieb Haberlandt, Mwaustria aliyejaribu mwaka 1902 kukuza seli mojamoja za mimea kwenye mchanganyiko wa virutubisho. Ziliishi, zikavimba, hazikugawanyika. Hata hivyo aliamini kwamba siku moja itawezekana, na baadaye majaribio ya karoti na tumbaku yalimpa haki. Lakini kilichothibitishwa ni kwamba seli nyingi zilizo hai zinabeba maelezo yote ya kujenga mmea. Kuwa na ramani ya nyumba na kuwa fundi ni mambo mawili. Kwenye kalusi yako kuna seli kubwa zilizojaa maji ambazo hazitafanya lolote tena zaidi ya kukaa, na kuna vikundi vichache vya seli ndogo zilizobanana ambazo bado zinaweza kuanza kazi. Hivyo vichache ndivyo unavyovizungumzisha.

Kosa la pili ni kudhani kalusi ni unga usio na umbo, tishu iliyosahau ilikotoka na inayosubiri kuambiwa iwe nini. Hata vitabu vingi vya zamani viliandika hivyo. Mwaka 2010 watafiti waliochunguza mmea mdogo wa maabara uitwao Arabidopsis walionyesha kwamba kalusi inayotokea kwenye jeli yenye auksini nyingi, hata ikitoka kwenye petali la ua, huwasha jeni zilezile zinazowaka kwenye ncha ya mzizi mchanga. Chanzo chake ni seli zinazofanana na zile za tabaka jembamba linalozunguka mirija ya mmea, tabaka ambalo kwa kawaida ndilo huzaa mizizi ya pembeni. Kwa hiyo donge lako halikuwa katikati ya njia panda. Tangu mwanzo lilikuwa limeegemea upande wa mzizi. Uliposukuma kidogo kwa NAA, likateleza.

Sasa seli inajuaje? Nikueleze kinachotokea mambo yakienda unavyotaka, kwenye jeli ya machipukizi.

Siku chache za mwanzo huoni kitu. Ndani, seli zilizokuwa zimestaafu kazi ya ujani zinarudi kugawanyika, na katika kurudi huko zinapata utayari, yaani uwezo wa kusikia. Hatua hii huhitaji auksini kidogo. Kisha sitokinini inapoingia kwa wingi, inawasha kundi la protini ambazo nazo zinawasha jeni iitwayo WUSCHEL kwenye seli chache tu. Jeni hiyo ndiyo inayolinda kiini cha ncha ya shina, na pale inapowaka ndipo ncha mpya itakapojengwa. Seli za pembeni yake hupanga njia ya auksini kwa kuisukuma kutoka seli hadi seli, na pale auksini inapojikusanya panatokea mwinuko wa jani la kwanza. Kwa hiyo hata ndani ya chipukizi, auksini ina kazi. Hakuna homoni ya shina na homoni ya mzizi. Kuna mazungumzo kati ya mbili.

Ukichukua lensi ya kukuza mara kumi, utayaona mazungumzo hayo. Kwanza doa la kijani, dogo kama kichwa cha pini, kwenye sehemu iliyokaza ya donge. Sehemu laini zenye majimaji huwa hazina kitu. Doa likianza kung'aa na kuwa na mgongo wa mviringo, subiri. Siku chache baadaye utaona vibawa viwili vidogo vimesimama, kimoja kikubwa kuliko kingine, na katikati yake kibonde. Kibonde hicho ndicho cha kutafuta, kwa sababu mara nyingine tishu hutoa kitu kama jani tupu, pana, lenye nywele, bila ncha ya kukua katikati. Anayeanza hushangilia, kisha anakaa miezi akisubiri jani lirefuke liwe mti. Halitarefuka.

Mzizi hauji hivyo. Wenyewe huanzia ndani, karibu na nyuzi za mirija zilizojitengeneza katikati ya donge, ndipo unapasua kutoka nje. Chipukizi kwa kawaida huzaliwa juu juu. Hapa kuna jambo ambalo lingekuponza hata kama machipukizi yangetokea mwezi ujao kwenye donge hilohilo: mirija ya mizizi iliyotangulia na mirija ya machipukizi yaliyofuata mara nyingi haiungani. Ungekuwa na donge lenye mizizi upande huu na majani upande ule, kila mmoja na maisha yake. Kwa hiyo utaratibu wa kawaida ni chipukizi kwanza, likatwe, ndipo lenyewe litoe mizizi kwenye kitako chake.

Je, kalusi imezeeka? Rafiki yako wa pili yuko karibu na ukweli kuliko wa kwanza. Kadiri kalusi inavyokaa kwenye auksini kali ndivyo inavyopoteza uwezo wa kutoa machipukizi. Sehemu ya sababu ni kwamba unapoigawa kila mwezi, unazichagua bila kujua zile seli zinazogawanyika haraka, na kugawanyika haraka si kipaji cha kujenga kiungo. Sehemu nyingine imo kwenye kromosomu. Tumbaku ya kawaida ina kromosomu 48. Kwenye kalusi ya siku nyingi hukosi kupata seli zenye idadi maradufu au pungufu. Mabadiliko yanayojitokeza kwenye mimea iliyopitia chupani yalipewa jina lake rasmi na Larkin na Scowcroft mwaka 1981, na sasa ni somo zima. Halafu kuna 2,4-D yenyewe, ambayo ikitumiwa kwa wingi ni dawa ya kuua magugu. Tishu inaivunja polepole sana. Ukilihamisha donge kwenda jeli nyingine, linaondoka na akiba yake ya 2,4-D mwilini, na wiki za mwanzo kwenye jeli mpya linaishi chini ya kivuli cha jeli ya zamani.

Ushauri wangu basi, na najua utauma baada ya miezi sita ya kulea: achana na donge hilo. Tumbaku haikuhitaji kalusi kabisa. Chukua jani changa lililokwisha kufunguka, osha na safisha kama ulivyofanya, kata vipande vya sentimita moja ukiepuka mshipa mkubwa wa kati, uviweke kwenye jeli ya MS yenye sukari gramu 30 kwa lita, pH 5.8, BAP miligramu 1 na NAA miligramu 0.1. Ni kinyume cha jeli yako ya sasa. Ndani ya wiki mbili kingo zilizokatwa zitavimba, na kati ya wiki ya tatu na ya tano machipukizi yatatokea, mengi yakitoka moja kwa moja kwenye kipande au kwenye kalusi kidogo tu. Yakifika sentimita moja na nusu au mbili, yakate safi bila kubeba kalusi, uyachomeke kwenye jeli ya MS iliyopunguzwa nusu, isiyo na homoni yoyote. Tumbaku inajitengenezea auksini ya kutosha kwenye majani yake machanga, inaishusha chini, na mizizi inakuja yenyewe.

Usiache kuweka chupa mbili tatu za vipande kwenye jeli isiyo na homoni. Jani linakuja na homoni zake, na bila chupa hizo hutajua kilichofanywa na jeli na kilichofanywa na jani. Nimeona watu wakimsifu BAP kwa kazi aliyoifanya jani.

Kishawishi kingine utakachokutana nacho ni kupandisha BAP ukiona machipukizi yanachelewa. Ukipita kiasi utapata machipukizi mengi mafupi, mazito, yanayopitisha mwanga kama kioo kilicholowa. Hayo yamejaa maji kuliko inavyotakiwa, stomata zake, vile vitundu vya hewa vya jani, hazifungi vizuri, na yakitolewa chupani hunyauka mbele ya macho yako. Shusha BAP, ongeza kidogo aga inayogandisha jeli, na usizibe chupa kiasi cha kuzuia hewa kabisa.

Sasa saintpaulia.

Saintpaulia ni miongoni mwa mimea inayotoa machipukizi kwenye jani kwa urahisi mno, chupani na hata kwenye udongo wa kawaida. Kwa hiyo kila mtu atakwambia itumie, na kwa saintpaulia ya rangi moja watakuwa wamesema kweli. Yako ina maua ya mistari. Ikiwa mistari hiyo inatoka katikati ya ua kwenda nje kama mbavu za gurudumu, karibu hakika mmea wako ni kimera: ncha yake ya kukua ina tabaka za seli zenye jeni za rangi tofauti, moja juu ya nyingine. Mstari ni matokeo ya tabaka hizo kuishi pamoja kwa mpangilio wake.

Unaona tatizo linapokuja. Chipukizi jipya linalotokea kwenye jani huanzishwa na seli chache, na kwenye saintpaulia seli hizo mara nyingi ni za tabaka la juu kabisa. Mmea utakaoupata utakuwa na jeni za tabaka hilo peke yake. Utakuwa na afya, utachanua, na maua yake yatakuwa ya rangi moja. Mbinu yote hii unayojifunza kwa bidii, ya kuifanya tishu ijenge kiungo upya kutoka sifuri, ndiyo hasa mbinu itakayokupotezea kitu unachokitaka. Hakuna uwiano wa homoni utakaolirekebisha hilo.

Unachohitaji ni ncha ambazo tayari zipo, kwa kuwa hizo zimebeba tabaka zote. Kuna mlango rahisi: machipukizi ya pembeni yanayotoka kwenye makwapa ya majani. Ukikata ncha ya katikati ya mmea mkubwa, macho yaliyolala kwenye makwapa huamka, na kila moja huja na mpangilio uleule wa mama. Mlango mwingine, ambao wafugaji wa maua haya wanaupenda, ni kikonyo cha ua: pale penye vijani vidogo viwili kwenye kikonyo pana macho, na kikonyo kikichomekwa mahali penye unyevu huweza kuota mmea. Zote mbili zinawezekana nje ya chupa. Ukitaka wingi wa chupani, anza na macho hayohayo ya kwapa, lakini tumia BAP kidogo na uwe na subira. Ukiimwaga, kitako cha chipukizi kitaanza kutoa machipukizi mapya yasiyotoka kwenye macho, yatachanganyika na yale ya kweli, na hutayatofautisha hadi siku ya maua.

Huna uhakika kama wako ni kimera? Chomeka majani matano kwenye udongo leo, uyaache yazae na yachanue. Watoto wakitoka na mistari, jani linakufaa na tishu kalcha ya jani ni halali yako. Wakitoka rangi moja, umejua bila kupoteza chupa hata moja. Inachukua miezi kadhaa, na bado ni njia ya mkato.

Kuhusu viinitete vya chupani, vile vinavyofanana na mbegu isiyo na ganda na kuja na ncha ya shina na ya mzizi kwa pamoja, nitasema tu kwamba kwa kimera vina ubaya uleule.

Kuna mambo ambayo sipendi uyafanye kwa kusoma tu. Spiriti ya asilimia 70 na moto juu ya meza moja: kabla hujaanza kuchoma visu kwa moto, kaa siku moja na mtu wa maabara akuonyeshe wapi chupa ya spiriti inakaa na wapi taa inakaa. Ni ajali inayotokea kwa watu wazoefu, seuze mgeni. Sufuria ya presha na 2,4-D ya unga pia zinataka mtu akuonyeshe kwanza. Mimea ukitaka kuigawa au kuiuza, peleka sampuli ipimwe virusi. Chupa haisafishi virusi; kinachoweza kusaidia ni kuanza na ncha ndogo kabisa ya ukuaji, kama Morel na Martin walivyofanya na dahlia mwaka 1952, na hata hapo lazima upime. Na ukiona wingu jeupe likijitokeza kwenye kitako cha mmea uliokaa safi miezi mingi, hiyo huenda ni bakteria iliyokuwa ndani ya tishu tangu mwanzo. Usipambane nayo kwa dawa za kubahatisha. Beba chupa na daftari lako uende kwenye maabara ya bioteknolojia ya mimea, wataipanda na kuitambua.

Kabla hujatupa chupa za zamani zichemshe kwa presha kwanza, lakini bakiza donge moja, ulipasue katikati kwa wembe, uangalie kwa lensi mizizi ilikoanzia. Kisha kwenye vipande vipya vya tumbaku fanya jambo moja zaidi. Weka vipande ishirini na vinne kwenye jeli ya machipukizi. Siku ya nne toa sita uvihamishie jeli isiyo na homoni, siku ya nane toa sita wengine, siku ya kumi na mbili sita, na sita vibaki. Katika miaka ya 1980, Christianson na Warnick walifanya uhamishaji wa namna hii kwa majani ya Convolvulus arvensis, gugu litambaalo, wakakuta kuna siku ambayo ikipita, tishu inaendelea kujenga chipukizi hata ukiinyima homoni. Kabla ya siku hiyo, ukiinyima, inaacha. Tumbaku yako nayo ina siku yake. Itafute, uiandike kwenye daftari, na ukiipata nijulishe ni ya ngapi.